Kuunganisha redio ya maikrowevu moja kwa moja na kituo cha simu: mwongozo kamili kwa mafundi wa Tanga

Mwaka wangu wa pili kwenye minara nilitumwa kukagua kituo kimoja upande wa Muheza. Wakazi walikuwa na malalamiko ya ajabu: simu zinaita vizuri, ujumbe wa maandishi unafika, lakini picha hazitoki na kurasa za intaneti zinaganda nusu. Taa zote za redio zilikuwa za kijani. Nguvu ya mawimbi ilikuwa sawa na hesabu ya makaratasi. Kwa siku mbili tulipanda na kushuka mnara tukihangaika na dishi ambalo halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa namba moja tu kwenye mipangilio, nalo lilirekebishwa tukiwa tumekaa kivulini, chini ya mwembe.

Kituo kile kilikuwa kimeunganishwa kwa mtindo ambao sasa umeenea: redio ya pakiti (inayobeba data ya kituo angani kwa mawimbi ya maikrowevu) juu ya mnara, faiba (uzi wa mwanga) inashuka, inaingia moja kwa moja kwenye mtambo wa kituo. Hakuna rauta, kile kifaa cha kuelekeza data, katikati. Mtindo huu unapunguza gharama, unapunguza umeme, na unaondoa kifaa kimoja cha kuibiwa au kuharibika. Lakini ile rauta iliyoondolewa ilikuwa na kazi zake, na nyingi ilizifanya kimyakimya: kupanga foleni za data, kupitisha saa (mapigo ya kuoanisha mitambo), kukubali pakiti kubwa, kutoa njia ya kuingilia kituo ukiwa mbali. Ukiitoa bila kuzigawa kazi hizo kwa redio na mtambo wa kituo, unabaki na kiungo kinachowaka taa lakini hakihudumii watu. Mwongozo huu umefuata kazi hizo moja baada ya nyingine, kuanzia kwenye ramani hadi siku ya kukabidhi.

Kwanza jiulize kama kituo kinafaa

Kituo cha mwisho wa mnyororo, kisichobeba data ya kituo kingine nyuma yake, ndicho kinachofaa hasa. Mfano ni kituo cha kijiji cha pwani kuelekea Pangani, kinachopokea kutoka upande mmoja na hakipeleki popote. Kituo chenye mkia mmoja nyuma yake nacho kinawezekana, maana redio nyingi za kisasa zina swichi ndani na mitambo mingi ya kituo ina poti zaidi ya moja. Lakini kituo ambacho ni kitovu, chenye madishi matatu au manne yanayoelekea Korogwe, Handeni na kwingineko, kiachie rauta yake. Ukilazimisha, kuzima mtambo wa kituo kimoja kwa matengenezo kutazima wilaya nzima.

Hatua ya 1: Hesabu mahitaji ya kituo kabla ya kushika orodha ya redio

Mafundi wengi tunaanza na redio iliyopo stoo. Anza na kituo. Seli moja (upande mmoja wa kituo) ya LTE, yaani 4G, ya megahezi 20 yenye antena mbili inaweza kufika kilele cha takriban megabiti 150 kwa sekunde simu moja ikiwa karibu na mnara na wengine wametulia. Saa za msongamano, watu wakiwa wametawanyika, wastani wa seli hiyo hushuka sana. Tuchukue megabiti 35 kwa ajili ya mfano.

Kwa kituo chenye pande tatu linganisha namba mbili: kilele cha seli moja, yaani 150, na jumla ya wastani wa seli zote, yaani 105. Chukua iliyo kubwa. Ongeza takriban asilimia 10 kwa vichwa vya pakiti, au asilimia 25 kama data inasimbwa (inafichwa isisomwe njiani) kwa itifaki ya IPsec. Unapata kati ya megabiti 165 na 190. Chaneli ya megahezi 28 kwenye modulesheni ya 256QAM (namna ya kupachika biti nyingi kwa mpigo kwenye wimbi) inabeba karibu kiasi hicho. Kama kampuni ina mpango wa kuongeza tabaka la pili la LTE au 5G mwakani, hesabu sasa hivi, maana kupanda tena mnarani kubadilisha redio ni ghali kuliko tofauti ya bei.

Hatua ya 2: Pima njia kwa miguu na macho

Programu za ramani zinajua milima, hazijui miti. Mkoa wa Tanga una kila aina ya njia ngumu: minazi na mivinje ya pwani, misaji ya Longuza, misitu ya Amani, mikaratusi ya Lushoto inayoongeza mita kadhaa kila mwaka. Mkonge peke yake hausumbui, kwa sababu ni mfupi.

Chukua mfano wa kiungo cha kilomita 30 kwenye tambarare, masafa ya 7.5 GHz. Mawimbi ya redio hayasafiri kama uzi mwembamba. Yanahitaji nafasi iliyo wazi kuuzunguka mstari wao, kanda inayoitwa ya Fresnel. Katikati ya njia, nusu kipenyo cha kanda hiyo kwa mita ni 8.66 mara kipeuo cha pili cha umbali kwa kilomita ukigawanya kwa masafa kwa gigahezi. Hapa 30 kwa 7.5 ni 4, kipeuo chake ni 2, kwa hiyo ni mita 17.3. Tunataka walau asilimia 60 yake iwe wazi: mita 10.4. Kisha ardhi yenyewe ina mviringo. Kwa hali ya kawaida ya hewa, kitovu cha njia ya kilomita 30 kinainuka mita 13.2. Ongeza mnazi wa mita 25. Jumla ni karibu mita 49, na hapo hujaacha nafasi ya mti kukua. Minara miwili ya mita 50 inakubali kwa shida. Ndiyo maana viungo virefu vya mkoa huu vinatafuta mabega ya Usambara badala ya kulazimisha njia ya bondeni.

Njia fupi ina dhiki ndogo zaidi. Kilomita 6 kwa 18 GHz zinahitaji mita 3 za kanda na nusu mita tu ya mviringo wa ardhi. Lakini njia fupi mjini ina adui mwingine, yaani ghorofa linalojengwa. Njia iliyopimwa miaka mitano iliyopita usiiamini. Panda mnarani na kioo au darubini, mwenzako aakisi jua kutoka upande wa pili, na umwone kwa macho yako.

Njia zinazopita juu ya bahari, kama kuelekea Pemba, zinahitaji heshima ya pekee. Maji tulivu yanaakisi mawimbi kama kioo, na lile wimbi lililoakisiwa linafika likiwa limechelewa kidogo na kulifuta la kwanza. Zaidi ya hapo, asubuhi zenye hewa tulivu na unyevu mwingi, tabaka za hewa juu ya bahari hupindisha mawimbi hadi yakapita juu au chini ya dishi. Dawa ni madishi mawili kila upande yaliyoachana kwa urefu, ili moja likipoteza jingine lipate, na ikiwezekana kuchagua urefu ambao ufukwe au kilima kinaficha ile sehemu ya maji inayoakisi. Kuongeza nguvu ya redio hakutibu ugonjwa huu.

Hatua ya 3: Chagua masafa kwa kuiogopa mvua, kisha omba kibali

Watu wa Lushoto hunieleza kwamba ukungu ndio unaowakatia mtandao. Kwa masafa tunayotumia kwenye minara, kuanzia 7 hadi 23 GHz, ukungu karibu hauna madhara. Mvua ndiyo yenye kosa, na hasa ile ya masika inayomwagika kwa nguvu kwa nusu saa.

Mvua ya milimita 60 kwa saa kwenye 7 GHz inapunguza chini ya desibeli 1 kwa kilomita. Kwenye 18 GHz inapunguza karibu desibeli 6 kwa kilomita ukitumia polarizesheni (mwelekeo wa mtikisiko wa wimbi) ya mlalo, na chini ya 5 ukitumia ya wima. Tofauti hiyo inatokana na umbo la tone: tone kubwa linapoanguka hubonyea na kuwa pana, likazuia zaidi mawimbi ya mlalo. Kwenye bendi ya 80 GHz mvua hiyohiyo inakula zaidi ya desibeli 20 kwa kilomita, ndiyo maana bendi hiyo ni ya njia fupi sana za mjini, ingawa uwezo wake wa data ni mkubwa.

Kwa hiyo: njia ndefu, masafa ya chini. Njia fupi, masafa ya juu. Na kama huna sababu nyingine, tumia wima.

Kibali cha masafa kinatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Ombi linataka viwianishi vya vituo vyote viwili, urefu wa dishi kutoka ardhini, aina ya antena, nguvu na upana wa chaneli. Andika viwianishi ulivyopima mwenyewe pale mnarani, si vya kwenye jedwali la zamani. Kwa vituo vya Mkinga karibu na Horohoro kumbuka kwamba mawimbi hayasimami mpakani, kwa hiyo masafa hayo yanahitaji kuoanishwa na upande wa Kenya. Omba mapema.

Angalizo moja ambalo limewatesa wengi. Kila kiungo kina upande unaotuma kwa masafa ya juu na upande unaotuma kwa masafa ya chini. Kwenye kituo kimoja, redio zote za bendi moja zitume upande uleule. Ukichanganya, redio moja itakuwa inapiga kelele kwenye sikio la jirani yake, na hakuna mpangilio wa programu utakaokuokoa.

Hatua ya 4: Mnara, umeme na waya wa ardhi

Kabla ya kupanda: mkanda wa usalama wa mwili mzima, kamba mbili, helmeti, na mwenzako chini. Omba pande za antena za simu utakazopita mbele yake zipunguzwe nguvu au zizimwe, kwa kuwa hizo ndizo zenye wati nyingi. Dishi la maikrowevu lina nguvu ndogo sana. Angalia nyuki. Msimu wa maua wanapenda kukaa nyuma ya madishi na ndani ya mabomba ya mnara, na fundi akishambuliwa akiwa mita 40 juu hana pa kukimbilia.

Dishi lifungwe kwenye bomba lililo wima kabisa. Pima kwa pima-maji. Bomba likiinama, kila utakapozungusha dishi kushoto au kulia, litakuwa linapanda au kushuka pia, nawe hutapata kilele. Funga na ile fimbo ya pembeni ya kuzuia upepo. Kaskazi na kusi za pwani zinasukuma dishi mwaka mzima, na nati iliyokazwa kwa kukisia italegea.

Hewa ya chumvi ni tatizo la kila siku hapa. Tumia bolti zilizopakwa zinki kwa moto au za chuma kisichoshika kutu, na kila kiungio cha kebo ukizungushie tabaka la utepe wa mpira unaojigandisha, kisha utepe wa plastiki juu yake, ukianza chini kwenda juu ili maji yateleze kama kwenye makuti. Acha kebo ipige kitanzi kidogo kabla ya kuingia kwenye redio ili maji yadondoke pale.

Umeme wa kituo ni volti 48 hasi, maana yake upande chanya ndio uliounganishwa na ardhi. Fundi aliyezoea betri ya gari anaweza kugeuza waya kwa mazoea. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka. Redio ya nje ichukue umeme kwenye kivunja-mzunguko chake pekee, na kiwe kile cha kipaumbele, ambacho hukatwa mwisho betri zinapoisha. Nimeona kituo ambacho redio iliwekwa kwenye kundi linalozimwa mapema: mtambo wa simu ukabaki hai kwa saa kadhaa, ukitangaza mtandao ambao hauna njia ya kutoka.

Waya wa ardhi kutoka kwenye redio ufungwe kwenye upau wa shaba wa mnara kwa njia fupi na iliyonyooka. Kebo ya umeme inayoshuka ifungwe ardhi juu karibu na redio, chini kabla haijapinda kuelekea chumba, na mlangoni mwa chumba. Faiba haihitaji, na hiyo ni faida yake kubwa kwenye milima yenye radi.

Hatua ya 5: Kulenga dishi

Upana wa mwale wa dishi kwa digrii ni takriban 70 mara urefu wa wimbi ukigawanya kwa kipenyo cha dishi. Kwa 18 GHz na dishi la sentimita 60 ni digrii 2 tu. Kwa hiyo dira pekee haitoshi. Inakufikisha karibu, kisha unatafuta kwa mita.

Upande mmoja uzunguke, mwingine utulie. Zungusha kushoto hadi kulia kwa upana, taratibu, ukiandika namba. Utaona vilima vitatu: kidogo, kikubwa, kidogo. Unataka kile cha katikati. Rudia kwa juu na chini. Kisha mwambie mwenzako afanye vilevile upande wake, halafu mrudie tena nyote kwa zamu.

Sasa linganisha na hesabu. Kwa kiungo chetu cha kilomita 6 kwenye 18 GHz: upotevu wa angani ni desibeli 133.1, kila dishi la sentimita 60 linaongeza 38.5, redio inatuma 18 dBm (desibeli zikilinganishwa na miliwati 1). Toa 1 kwa upotevu mdogo mdogo. Utarajie karibu −39 dBm. Ukisoma −41, umefika. Ukisoma −60 na kitu, usikubali hata kama kiungo kimeshika na taa ni ya kijani. Karibu kila mara umekaa kwenye kilima cha pembeni, na mvua ya kwanza itakuonyesha.

Hatua ya 6: Faiba kutoka redioni hadi mtambo wa kituo

Tumia faiba badala ya waya wa shaba hata kama poti zote mbili zinakubali shaba. Sababu ya kwanza ni radi. Ya pili ni saa, nayo nitaieleza muda si mrefu. Hakikisha moduli za pande mbili ni za aina moja: mwendo uleule, rangi ileile ya mwanga, na aina moja ya faiba. Poti ya gigabiti 10 iliyochomekwa moduli ya gigabiti 1 mara nyingi haitajitambua, inabidi uiambie mwenyewe. Safisha ncha za faiba kwa kalamu yake kila unapochomoa. Vumbi jekundu la barabara ya Handeni linatosha kula desibeli kadhaa za mwanga.

Hatua ya 7: VLAN na ukubwa wa pakiti

Tenga walau VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya kiungo kimoja) mbili: moja ya data ya watumiaji pamoja na ishara za udhibiti, nyingine ya usimamizi. Namba zake ziwe zilezile kwenye mtambo, kwenye redio zote njiani, na kwenye rauta ya upande wa pili.

Usimamizi wa redio nao unapita ndani ya kiungo hichohicho, na hapa rauta haipo tena ya kukusaidia. Ukikosea VLAN ukiwa ofisini Tanga mjini, umejifungia nje ya kituo kilichoko mlimani. Kabla ya kubadilisha chochote kwa mbali, washa kipima muda cha kurudisha mipangilio ya zamani endapo hutathibitisha ndani ya dakika kumi. Kama redio yako haina uwezo huo, mabadiliko hayo yafanye ukiwa palepale.

Sasa lile kosa la Muheza. Simu ya mtumiaji hutuma pakiti ya baiti 1500. Mtambo wa kituo haupeleki pakiti hiyo ilivyo, bali unaifunga ndani ya bahasha, yaani vichwa vya itifaki: baiti 8 za GTP, 8 za UDP, 20 za IP. Zinakuwa 1536. Ukisimba kwa IPsec zinaweza kupita 1600. Ongeza kichwa cha Etheneti na lebo za VLAN. Redio yetu ilikuwa imewekwa ukomo wa fremu (pakiti pamoja na kichwa chake cha Etheneti) ya baiti 1522, na kila kubwa kuliko hapo iliitupa bila kusema neno. Pakiti ndogo za sauti na maandishi zilipita. Pakiti zilizojaa, za picha, zilikufa.

Weka redio zote njiani zikubali fremu ya baiti 2000 au zaidi. Kisha hakikisha kwa ping (pakiti ya majaribio inayotumwa na kurudishwa) kubwa isiyoruhusiwa kukatwa vipande. Kwa njia inayotakiwa kupitisha pakiti ya IP ya baiti 1600, tuma mzigo wa baiti 1572, kwa kuwa vichwa vya IP na ICMP vinachukua 28. Ping ya kawaida ya baiti 64 haikuambii chochote hapa.

Hatua ya 8: Saa

Ndiyo kazi ya rauta inayosahaulika kuliko zote, kwa sababu kosa lake halionekani siku ya kwanza. Mtambo wa kituo una saa ndani inayoongoza masafa ya antena, na masafa hayo hayatakiwi kupotoka zaidi ya sehemu 50 kwa bilioni. Saa ya ndani ikiachwa bila mwongozo inateleza polepole. Baada ya siku au wiki, mtu aliye kwenye basi la Pangani simu yake inakatika kila anapotoka kituo kimoja kwenda kingine, na kwenye chumba cha kituo hakuna kengele iliyolia.

Kwa LTE ya kawaida, inayotumia masafa tofauti kutuma na kupokea, SyncE, yaani saa inayobebwa na Etheneti yenyewe, inatosha. Mapigo ya saa yanasafiri ndani ya mwendo wenyewe wa biti, redio inayachukua kwenye faiba, inayapitisha angani, na kuyatoa upande wa pili. Mambo matatu ya kukagua: redio zote mbili ziwe zimewashwa SyncE, ujumbe wa ubora wa saa uwe unapita, na mwelekeo uwe mmoja, kutoka mtandao mkuu kwenda kituoni. Ukiruhusu pande zote ziwe chanzo, mitambo itaanza kufuatana yenyewe kwa yenyewe kwenye duara, na saa ya kila mmoja itapotea.

Na hapa ndipo shaba inapoleta shida. Kwenye gigabiti ya shaba, poti moja huwa bwana wa saa na nyingine mtumwa, na hujipanga zenyewe zinapokutana. Zikijipanga kinyume, saa haitapita ingawa data inapita. Moduli nyingi za shaba hazipitishi SyncE kabisa. Kwa faiba tatizo hili halipo.

Kwa 5G ya bendi ya 3.5 GHz, na LTE yoyote inayotuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yaleyale, mapigo peke yake hayatoshi. Vituo vyote lazima vijue muda uleule, kwa kosa lisilozidi mikrosekunde 1.5 kutoka chanzo hadi antena. Hapo unahitaji PTP, itifaki ya kusambaza muda kwa pakiti, na kila redio njiani iwe saa ya mpakani inayosahihisha muda wake. Wasifu wa PTP uitwao G.8275.1 hutumia domaini (namba ya kundi la saa) kuanzia 24, na pakiti zake hazina lebo ya VLAN. Fundi aliyeiwekea redio amri ya kutupa fremu zisizo na lebo atakesha akitafuta saa. Njia mbadala ni kipokezi cha GPS juu ya chumba. Mimi napendelea kuwa na vyote viwili kwenye vituo vya mbali, PTP ikiwa akiba.

Hatua ya 9: Foleni

Redio ya maikrowevu ina tabia ambayo faiba haina: njia yake inapungua upana. Mvua ikianza, redio inashusha modulesheni kutoka 256QAM hadi QPSK, ya polepole lakini imara, ili isikatike. Chaneli ya megahezi 28 iliyokuwa inabeba megabiti 180 sasa inabeba takriban 40. Rudi kwenye kiungo chetu cha kilomita 6. Mvua ya milimita 60 ikifunika njia nzima itakula karibu desibeli 28 kwa wima. Kwenye 256QAM tulikuwa na akiba ya takriban desibeli 27 juu ya kiwango cha chini ambacho redio inakubali. Tutaipoteza. Kwenye QPSK tuna akiba ya karibu 48, kwa hiyo kiungo kinabaki hai, lakini ni chembamba.

Nani apite kwenye njia hiyo nyembamba? Mtambo wa kituo hautambui kwamba mvua inanyesha. Unaona poti ya gigabiti 1 iko wazi na unaendelea kumimina. Redio ndiyo inayoamua, na kama hukuipangia, itatupa bila kuchagua: sauti ya mama anayempigia mwanawe wa Dar es Salaam itatupwa sawa na video.

Panga hivi. Juu kabisa weka saa, kama unatumia PTP. Kisha sauti ya VoLTE (simu zinazopita ndani ya LTE) na ishara za udhibiti. Kisha usimamizi wa kituo. Data ya kawaida ibaki chini. Mtambo wa kituo huweka alama za kipaumbele, ziitwazo DSCP, kwenye pakiti. Iambie redio izisome hizo, au mtambo uzitafsiri kuwa alama za VLAN, lakini pande zote zisome kitu kimoja. Kama kuna IPsec, hakikisha alama inanakiliwa kwenye kichwa cha nje, vinginevyo redio itaona kila pakiti kuwa sawa. Halafu jumlisha foleni zote za juu: lazima ziingie ndani ya megabiti 40 za QPSK na nafasi ibaki.

Msongamano mkubwa hauko kituoni, uko upande wa pili, kwa kuwa watu wanashusha data zaidi ya wanavyopandisha. Kwa hiyo foleni za redio iliyo mjini ndizo muhimu zaidi, na rauta iliyo nyuma yake inatakiwa kubanwa mwendo ulingane na redio. Baadhi ya redio zinaweza kuitaarifu rauta kila mwendo unapobadilika kwa ujumbe wa kiwango cha Y.1731. Kama pande zote zinao uwezo huo, uwashe.

Hatua ya 10: Tengeneza mvua yako mwenyewe

Hapa ndipo nisipokubali njia ya mkato. Vipimo vya kawaida vifanyike vyote: saa 24 bila kosa la biti, jaribio la kiwango cha Y.1564 (la kupima mwendo na ubora wa kiungo) kwa mwendo kamili, ping kubwa, hali ya saa. Lakini vyote hivyo unavifanya siku ya jua.

Funga redio kwenye QPSK kwa mkono. Jaza kiungo kwa data ya kawaida hadi kifurike. Sasa piga simu ya VoLTE kupitia kituo hicho na uongee dakika tano. Sauti ikikatikakatika, foleni zako haziko sawa, hata kama jedwali la mipangilio linasema ziko sawa. Angalia kama PTP imebaki imeshika. Angalia kama bado unaweza kuingia kwenye redio kutoka ofisini. Kisha rudisha modulesheni ijiongoze yenyewe, na upunguze nguvu ya kutuma desibeli tatu tatu, ukitazama inavyoshuka ngazi na kupanda tena bila kupoteza pakiti za juu. Andika kila ngazi ilipoteremka.

Kukabidhi

Watu wa Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo, na mafundi ndivyo tulivyo kwenye kituo. Mnara unabaki na mzee mlinzi. Bandika ndani ya mlango wa kabati karatasi iliyofunikwa plastiki yenye namba za VLAN, masafa ya kutuma na kupokea, nguvu ya mawimbi iliyosomwa siku ya kukabidhi, na poti ipi imeunganishwa na nini. Usiandike nywila. Mwonyeshe mlinzi taa ipi iwe kijani na kivunja-mzunguko kipi hakiguswi. Mara mbili nimeokolewa na mzee aliyepiga simu kusema, "Mwanangu, ile taa uliyonionyesha imekuwa nyekundu tangu alfajiri."

Kisha weka tarehe kwenye kalenda yako, mwishoni mwa Mei. Ingia kwenye redio, chota kumbukumbu za modulesheni za masika yote, na uone ni dakika ngapi ilishuka hadi QPSK. Kama ni chache na pakiti za foleni ya juu zilizotupwa ni sifuri, kiungo kiko kama kilivyopangwa. Kama zimetupwa, rudi hatua ya 9 kabla vuli ya Oktoba haijafika. Na kama redio ilishuka hata siku ambazo hapakuwa na mvua, chukua kamba na helmeti: ama dishi limesogea, au kuna mti umekua.